Jino la Lumumba na Ushahidi wa Wauaji

Katika jumba la makumbusho ya kijeshi mjini Vienna, mgeni huoneshwa gari alimouawa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, huko Sarajevo Juni 1914, pamoja na koti lake lenye madoa ya damu. Masalia ya namna hiyo hayatupi shida sisi wa kazi ya kuthibitisha asili ya masalia. Mauaji yalitokea mchana, mbele ya umati, na ufalme uliompoteza mtu wake ulikuwa na kila sababu ya kutunza vitu hivyo.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, hakuachiwa hata kaburi. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, yeye na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini nje ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Maofisa wa Kibelgiji walikuwapo, na Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo lililojitenga la Katanga, alishuhudia. Walizikwa hapohapo, lakini wauaji wakaona kaburi litakuja kuwaumbua. Kamishna wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, alitumwa pamoja na msaidizi wake wafukue maiti. Walizikata kwa msumeno, wakaziyeyusha kwa tindikali ya sulfuriki. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ikautangazia ulimwengu kwamba wafungwa hao watatu walitoroka wakauawa na wanakijiji.

Kusudi lilikuwa kisibaki kitu. Kilichobaki kilibaki kwa sababu Soete aling'oa meno akaondoka nayo, kama mwindaji aondokavyo na pembe. Karibu miaka 40 baadaye alikiri mbele ya kamera, akadai kwamba meno hayo alikwisha kuyatupa baharini. Alifariki mwaka 2000. Mwaka 2016 polisi wa Ubelgiji walikamata jino moja, lililovikwa dhahabu, nyumbani kwa binti yake.

Je, ni la Lumumba kweli? Uchunguzi wa vinasaba haukufanyika, kwa kuwa ungeliharibu jino lenyewe. Basi uthibitisho unategemea maungamo ya Soete na nyumba lilimokutwa. Katika kazi yetu kitu huaminika kwa kujua kilipitia mikono ya nani tangu siku ya tukio. Hapa mkono wa kwanza ni wa yule aliyetumwa kufuta ushahidi. Kwa maoni yangu waendesha mashtaka wa Ubelgiji walifanya sawa kuliacha zima. Kulisaga jino kwa ajili ya jibu la maabara kungeikamilisha kazi ya ile tindikali.

Tarehe 20 Juni 2022 watoto wa Lumumba walikabidhiwa jino mjini Brussels ndani ya kisanduku cha buluu. Likawekwa katika jeneza la ukubwa wa mtu mzima, likazungushwa Kongo, Lubumbashi ikiwamo, na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni, siku ya uhuru. Novemba 2024 kaburi hilo la kumbukumbu lilivunjwa na jeneza likaharibiwa; serikali ilisema jino lilikuwa limehifadhiwa kwingine, salama.

Mpolo na Okito waliyeyushwa kwa tindikali ileile. Hakuna chao kilichorudi.