Historia Iliyohifadhiwa Vifuani: Masimulizi ya Wanawake wa Pwani Katika Siasa

Katikati ya jiji la Dar es Salaam ipo barabara kubwa iitwayo Bibi Titi Mohamed. Maelfu ya watu huipita kila siku wakielekea kazini na sokoni. Jina lake hutajwa na makondakta, huandikwa katika anwani za maduka na za ofisi, na watoto hulijua kabla hawajajua kusoma. Lakini ukimsimamisha mpita njia ukamwuliza mwanamke huyo alifanya nini hasa, na aliwezaje kukifanya, wengi watasema alikuwa mpigania uhuru, kisha watanyamaza.

Yale tunayoyajua zaidi ya hapo hatukuyapata katika majalada ya serikali ya kikoloni, kwani humo wanawake hawakuandikwa ila kwa nadra. Tumeyapata kwa kuwa palitokea mtu aliyekwenda, akaketi, akauliza, na bibi mwenyewe akaridhia kusimulia. Wiki hii tumeona vyema tuzungumze na wasomaji wetu juu ya jambo hilo: masimulizi ya wanawake wa Pwani walioingia katika siasa na katika kazi za umma, namna yalivyohifadhiwa, na wajibu uliotuangukia sisi tulio hai pamoja na waliobaki.

Kutoka ngomani hadi kwenye jukwaa

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakupata elimu kubwa ya shule. Mjini alijulikana kwa sauti yake: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Chama cha TANU kiliundwa mwezi Julai 1954, na mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Mgeni huyo aliwauliza viongozi swali jepesi lililowatia katika mashaka: wanawake wa chama hiki wako wapi? Chama kilikuwa bado kichanga, na waliokuwa wakionekana mikutanoni walikuwa wanaume. Ndipo viongozi walipomfuata Bibi Titi, naye akajiunga, kadi yake ikiwa nambari 16.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachostahili kuzingatiwa. Bibi Titi hakuanza kwa kuita mkutano wa hadhara. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake aliokuwa akiwajua na waliokuwa wakimjua, akazungumza nao, nao wakawaita wenzao. Kila kikundi kilikuwa tayari na viongozi wake, mweka hazina wake, desturi ya kuchanga fedha, na mtindo wa kupeleka habari nyumba kwa nyumba bila ya barua wala gazeti. Kabla mwaka huo wa 1955 haujaisha, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshachukua kadi za TANU. Pamoja naye walikuwapo wengine kama Tatu binti Mzee, na nyuma yao wanawake wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote: wauza maandazi, wapishi wa mikate, wake wa majumbani, wajane na waliotalikiwa, wengi wao Waislamu na wengi wao hawakupata kukaa darasani.

Mwanahistoria Susan Geiger wa Marekani alianza kuwahoji wanawake hao Dar es Salaam mwaka 1984, na baadaye akaenda Moshi na Mwanza. Kutokana na mahojiano hayo alichapisha mwaka 1997 kitabu kiitwacho TANU Women. Kabla ya kazi yake, ilizoeleka kusemwa kwamba wanaume waliosoma ndio waliobuni wazo la taifa, kisha wakawafundisha wanawake walifuate. Masimulizi ya akina mama hao yalionyesha jambo jingine. Katika vikundi vyao, watu wa makabila mbalimbali walikuwa tayari wakicheza pamoja, wakizikana na kusaidiana, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Umoja uliohubiriwa jukwaani, wao walikuwa wakiuishi uani. Chama kiliwakuta nao, kikautumia.

Wapo kati yao waliosimulia kwamba walijiunga kwa siri kwa kuwachelea waume zao, na wapo ambao ndoa zao zilitikisika kwa sababu ya mikutano. Mambo hayo huwezi kuyakuta katika taarifa ya mkuu wa wilaya, kwa kuwa hakuna aliyemweleza, wala yeye hakuuliza.

Jina likifutwa

Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, Bibi Titi alikuwa mbunge na naibu waziri, na aliuongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulioundwa mwaka 1962. Kisha mambo yakageuka. Hakukubaliana na masharti ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yaliyowakataza viongozi kupangisha nyumba, akajiuzulu nafasi yake ya uongozi katika chama. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 aliachiliwa kwa msamaha wa rais.

Hatuna nia ya kuifungua upya kesi hiyo. Tunalotaka wasomaji wetu walione ni lile lililofuata. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa katika sherehe, na vijana walikua bila kulisikia. Mwanamke aliyejaza viwanja vya mikutano akawa mtu wa nyumbani kwake tu. Lau angefariki katika miaka hiyo ya ukimya, tungebaki na nini? Tungebaki na karatasi za mashtaka, na picha chache za zamani ambazo hakuna wa kuzieleza. Lakini alipoulizwa mwaka 1984, miaka mingi kabla jina lake kurudi midomoni mwa wakubwa, alisimulia maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe, akaieleza kazi yake na ya wenzake. Alifariki mwaka 2000, na masimulizi yake yalikuwa yamekwisha kuhifadhiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mombasa nako hakukulala

Tusidhani kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo ya mpaka. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Margaret Strobel alifika Mombasa kuwahoji wanawake wa Kiislamu, na mwaka 1979 akatoa kitabu juu ya maisha yao tangu 1890 hadi 1975. Kisha yeye na Sarah Mirza wakakusanya masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa mji huu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 kikatoka kwa lugha waliyoisema wenyewe, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili.

Watatu hao hawakuwa wa daraja moja. Mmoja alikuwa wa ukoo wa wenye mji, mmoja alitoka katika kizazi cha waliokuwa watumwa, na mmoja alikuwa wa jamaa ya Kiarabu yenye nafasi. Kila mmoja aliuona mji ule ule kutoka dirisha lake. Anayesoma maneno yao huona jinsi ngoma ya lelemama ilivyokuwa na vyeo, michango na mashindano. Jinsi mwanamke aliyekuwa hana sauti mbele ya hakimu alivyokuwa na sauti kubwa mbele ya kikundi chake. Na jinsi ujuzi huo wa kupanga watu ulivyohamia, katika miaka ya 1950, kwenye vyama vya akina mama vya kutafuta elimu na maendeleo. Hapo Mombasa vikaundwa Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, na baadhi ya waliovijenga walikuwa wameshajifunza uongozi ngomani.

Ujuzi huo ulihitajika upesi. Katika utaratibu wa uchaguzi wa miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni, wanawake wa jamaa za Kiarabu hawakupewa haki ya kupiga kura, hali wenzao wa jamaa nyingine waliotimiza masharti walipewa. Mwaka 1958 wanawake wa Mombasa waliandika ombi la kudai haki hiyo wakalipeleka kwa serikali. Wengi wao walikuwa wanawake wa kukaa ndani, wavaao buibui, ambao hawakuonekana mara nyingi barabarani. Ombi lilizunguka ndani ya nyumba, likapita katika nyua na vyumba vya wageni, likarudi limetiwa saini. Kabla ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, haki hiyo ilikuwa imepatikana.

Leo Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kuwa vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja, na kila moja ya kaunti 47 humpeleka Bungeni mwakilishi mwanamke. Msichana wa Kisauni au wa Lamu anayefikisha umri wa miaka 18 huenda akadhani kura aliyoipata ameletewa na karatasi ya Katiba peke yake. Ni haki yake kujua kwamba walikuwapo akina bibi wa mtaa ule ule walioidai.

Je, kumbukumbu ya mzee huaminika?

Swali hili huulizwa mara nyingi, nalo ni la haki. Mtu mzima husahau mwaka, huchanganya mkutano huu na ule, na pengine hujikweza kidogo au humficha jirani aliyemkosea. Lakini jalada la serikali nalo liliandikwa na mtu mwenye haja yake, aliyeona alichotaka kukiona. Sisi Waislamu hatuna sababu ya kulidharau neno la kupokewa kwa mdomo. Wanavyuoni wa Hadithi wametufundisha kwa karne nyingi kuuliza: habari hii umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na je, huyo ni mkweli na mwenye hifadhi nzuri? Waliowahoji akina mama hao walifuata njia inayokaribia hiyo. Waliwauliza wanawake wengi, wakalilinganisha neno la mmoja na la mwenzake, kisha na maandishi yaliyopo. Palipoafikiana pakapata nguvu, na palipotofautiana pakawa na funzo lake.

Amana iliyo mikononi mwetu

Kazi hii haihitaji shahada ya chuo kikuu. Katika nyumba nyingi zinazosoma jarida hili yumo bibi, shangazi au jirani aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama cha maziko, aliyekusanya saini za kudai bomba la maji, aliyefungua madrasa ya wasichana barazani kwake, au aliyewapikia wapiga kampeni wa uchaguzi wa kwanza. Yeye mwenyewe huenda asiite hayo siasa. Simu iliyomo mkononi mwa mjukuu inatosha kumrekodi. Yapo mambo machache tu ya kuzingatia.

Kwanza, idhini. Aelezwe maneno yake yatakwenda wapi, na akisema hili lisitoke, lisitoke. Siri ya mtu ni amana, na heshima ya waliotajwa katika maneno yake ni amana pia.

Pili, tusianze na tarehe. Mzee akiulizwa mwaka hujiona yuko kwenye mtihani. Aulizwe juu ya kitu: leso hii ulivaa siku gani, picha hii ni nani na nani, kadi hii ya chama uliiweka wapi mumeo asiione? Mwaka utapatikana baadaye, kwa kuulizia mambo yanayojulikana: ilikuwa kabla ya uhuru au baada, mtoto yupi alikuwa amezaliwa?

Tatu, tumwache aseme. Akinyamaza, tusikimbilie kumjazia maneno. Mara nyingi jambo zito huja baada ya kimya.

Nne, tuandike mwanzoni jina la msimulizi, jina la mwulizaji, mahali na siku, kisha nakala moja abaki nayo mwenyewe na nyingine iwekwe kwa jamaa mwingine anayeaminika. Simu hupotea na huibiwa. Kilichomo ndani yake kisiwe ni cha pekee duniani.

Wazee wetu wanaokumbuka miaka ya 1950 wakiwa watu wazima wamekwisha kuwa wachache mno. Kila wiki tunasoma tanzia zao, tunahudhuria khitma zao, na tunasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Ni vyema tukamwuliza aliye hai, wiki hii, aliwafanyia nini watu hao, na nani alikuwa naye.