Goma: Kabla ya kupaka nyumba mpya rangi, tazama kwanza mahali mbwa atalala

Chukudu mbili zilitosha kuhamisha vitu vya familia ya watu watano: magodoro matatu, masufuria, bidoni za maji, meza moja na vitabu vya mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Paka alisafiri ndani ya kikapo kilichofunikwa na kitenge. Mbwa alifuata kwa miguu, kamba yake ikiwa mkononi mwa mtoto wa kwanza. Jua lilikuwa halijazama walipofika kwenye lupango mpya, mangaribi ya mji wa Goma, upande wa kartiye ya Lac Vert.

Nyumba ni ya mbao, vyumba viwili na saluni ndogo, na imesimama juu ya mawe meusi ya volkano sawa nyumba nyingi za mji huu. Mwenye nyumba alikuwa ameomba garanti ya miezi sita. Baba alikataa. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inaomba garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, na mwishowe walipatana kwa mitatu.

Kazi za kwanza zilikuwa zile ambazo kila mpangaji wa Goma anazijua. Mama alibandika makartoni ndani ya kuta ili upepo na vumbi visipite kati ya mbao. Baba alipigilia bati lililokuwa likivuja, akanunua sima kidogo ya kuziba nyufa za sakafu. Paka alifungiwa ndani, kwani paka aliyehamishwa hutoroka mara nyingi kurudi alikotoka. Inafaa akae ndani juma mbili ao tatu mpaka azoee makao mapya. Panya waliotoboa mfuko wa unga usiku wa kwanza hawakuonekana tena.

Aliyebaki bila nafasi ni mbwa. Nyuma ya jikoni kulikuwa na shimo pana lililoachwa na watu waliochimba mawe ya kujengea. Baba aliona panafaa: hapafikiwi na upepo, tena ni mbali na mlango wa jirani. Alikuwa ameshasimamisha mbao za kibanda wakati mama mzee wa lupango la pembeni alipomwita kupitia ua na kumuuliza kama hakuambiwa kitu. Mpangaji aliyetangulia aliwakuta humo kuku wawili wamekufa asubuhi, bila kidonda hata kimoja. Kitu hicho wakaaji wa pale wanakiita kwa jina: mazuku.

Gazi inayolala chini

Mazuku ni neno la hapa kwetu ambalo hata wataalamu wa volkano wa inchi za mbali wanalitumia. Ni mahali pa chini ambapo gazi karboniki inayotoka ndani ya udongo hukusanyika. Gazi hiyo haina rangi na mtu haisikii kwa harufu. Kwa kuwa ni nzito kupita hewa, inajaa shimoni kama maji ndani ya beseni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inaongezeka; jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Mtu akivuta hewa yenye asilimia 10 ya gazi hiyo anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na ikizidi hapo inaua.

Mazuku yanapatikana kando ya Ziwa Kivu kati ya Goma na Sake, kule kule ambako mji unaendelea kupanuka na watu wanatafuta nyumba za bei nafuu. Wanyama ndio hufa wa kwanza kwa sababu pua zao ziko karibu na udongo: kuku, mbwa, mbuzi. Baada yao ni mtoto anayecheza chini ao mtu anayelala juu ya mkeka.

Kwa hiyo mpangaji anayefika upande huo ana maswali ya kuuliza majirani mbele ya kutoa garanti: kuna wanyama waliokufa hapa bila sababu? Kuna shimo ambalo majani yake yamekauka ao ndege wameanguka? Wengine hushusha mshumaa ndani ya shimo. Ukizimika, ni hatari. Lakini ukiendelea kuwaka haina maana kwamba pako salama. Na mtu akianguka shimoni, asifuatwe mbio: wengi wameangamia wakijaribu kuokoa. Wanaopaswa kuitwa kupima mahali ni watu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG.

Nyufa zenye faida

Familia ilibadili mpango siku ile ile. Kibanda kilihamishiwa mbele, juu ya mawe ya kizingiti. Watoto, waliokuwa wakilala na godoro chini, walitengenezewa kitanda cha mbao zilizobaki. Mama aliondoa makartoni ya sehemu ya chini ya kuta mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Mbabula nayo ilitolewa nje kabisa: katika nyumba iliyozibwa kila mahali, makala yanayowaka hutoa gazi nyingine ya sumu, isiyo na harufu vilevile, na inaua watu usingizini.

Shimo lilibaki kuwa swali la pesa. Baba alimwomba mwenye nyumba walijaze mawe na udongo, gharama itolewe kwenye kodi. Walipatana, na safari hii waliandika karatasi na kuitia sahihi mbele ya chefu wa avenyi. Kulijaza kunapunguza mahali ambapo gazi inakusanyika, lakini hakuizuii kutoka. Inaweza kupata njia pembeni. Ndiyo sababu kitanda kitabaki juu hata shimo likijaa.

Kwa majirani, jambo lililowatia wasiwasi lilikuwa mbwa mwenyewe. Baba aliwaonyesha karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na mbwa alifungwa kamba siku za kwanza. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Anayeumwa na mbwa anapaswa kuosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kwenda haraka hospitalini kupata chanjo.

Juma la pili, kuta bado hazijapakwa rangi. Kila jioni watoto wanabeba mawe mpaka ukingo wa shimo, wanayatupa kwa mbali na kurudi. Mama mzee anawahesabu kutoka ng'ambo ya ua. Mbwa analala kizingitini, na kila alfajiri mama akifungua mlango anatazama kwanza kama ubavu wake unapanda na kushuka.