Kwa nini telefoni ya ushirika inalala sandukuni?



Jambo hili linajulikana huku kwetu Tanganyika. Mradi unaleta telefoni kubwa, programu ya kuandika mavuno, na semina ya siku mbili. Siku ya semina kila mtu anapiga makofi. Mwezi unapita, miwili inapita, na sekretere amerudia daftari lake la zamani. Telefoni iko sandukuni, chaji imekwisha. Kilo za wanachama wengine ziko katika daftari, za wengine zilibaki katika telefoni. Siku ya kugawa pesa ya mauzo, ugomvi unaanza, na keshia anaitwa mwizi.

Wengine wanasema haraka: "Wakulima hawapendi mambo mapya." Sisi hatukubali. Watafiti wamechunguza kwa miaka mingi kwa nini watu wanapokea au wanaacha chombo cha habari, na majibu yao yanaweza kuwasaidia.

Maswali mawili ya kila mtu

Mwaka 1989, Mmarekani Fred Davis alitoa utafiti juu ya watumiaji 152 na programu nne za kompyuta. Alikuta kwamba mtu mbele ya chombo kipya anajiuliza maswali mawili: Kitanisaidia katika kazi yangu? Na je, ni rahisi kukitumia? Yote mawili yana uzito, lakini la kwanza linashinda. Mtu anavumilia chombo kigumu kama anaona faida yake. Chombo chepesi kisicho na faida anakiacha.

Njo maana inafaa kuuliza: faida ni ya nani? Kama programu inatuma hesabu kwa ofisi ya mjini tu, mama anayepima mihogo anaona kazi imeongezeka, basi. Lakini kama kila akipima, mwanachama anapata palepale ujumbe wenye kilo zake na pesa anayodai, wanachama wenyewe watamwambia: "Mama, usisahau kuandika yangu."

Mwaka 2003, Viswanath Venkatesh, Davis na wenzao wawili waliongeza mambo mawili: maneno ya watu tunaowaheshimu, na msaada ulioko karibu. Msaada ni umeme, rezo, na mtu wa kuuliza chombo kikikwama. Walikuta pia kwamba shuruti ya wakubwa ina nguvu mwanzoni, pale matumizi ni ya lazima, kisha inapungua kadiri watu wanavyozoea. Kwa hiyo chombo kinachotumika kwa sababu mradi umeamuru tu, hakina mizizi.

Jirani anashinda mwuzaji

Mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha uchunguzi juu ya wakulima 259 wa jimbo la Iowa, Marekani, na mbegu mpya ya mahindi. Wengi walisikia habari kwanza kwa mwuzaji wa mbegu. Lakini kilichowafanya waamini ni jirani aliyekwisha kuipanda. Mkulima wa kawaida alichukua miaka kadhaa tangu kusikia mpaka kupanda. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wanalinda chakula cha nyumba zao. Mwanachama wa Nyunzu au Moba anayesema "nangoja nione kwanza" anafanya vilevile.

Kenya: watu walichagua matumizi yao

Mwaka 2005, huko Nairobi na Thika, walijaribu njia ya kulipa deni la mkopo mdogo kwa telefoni. Lakini watu walianza kutumiana pesa wao kwa wao, hata kujiwekea pesa kabla ya safari ili wasitembee nayo mfukoni. Wenye mradi waliangalia, wakabadilisha mpango, na mwezi wa tatu 2007 M-Pesa ikafunguliwa kama njia ya kutuma pesa. Ilipendwa kwa sababu ilifuata haja ya watu.

Wavuvi nao wana mfano wao. Huko Kerala, India, Robert Jensen alichunguza wavuvi waliopata telefoni kati ya 1997 na 2001. Wakiwa bado majini waliuliza bei, kisha wakapeleka samaki pale walipohitajika. Faida yao ilipanda kwa asilimia 8, na bei kwa wanunuzi ilishuka kwa asilimia 4. Hakuna aliyewalazimisha. Mvuvi wa ndakala anayeogopa hasara ya bei anaelewa hiyo mara moja.

Kabla ya kukubali chombo, mujiulize:

1. Ni tatizo gani letu kitaondoa? Tulitaje sisi, si mgeni.
2. Nani atakitumia kila siku, na yeye atapata nini?
3. Tutachaji wapi, na nani atalipa initi mradi ukiisha?
4. Rezo ikikosa siku tatu, kazi itaendelea namna gani?
5. Nani kijijini anaweza kufundisha wengine, wanawake na wasiojua kusoma wakiwemo?
6. Nani ataona hesabu zetu, na tunaweza kuzitoa kwa karatasi?

Kama jibu la moja halipo, museme wazi kwa mradi, hata kwetu sisi. Muombe kuanza na watu wachache, kwa msimu mmoja tu, daftari na telefoni pamoja. Mwisho wa msimu mulinganishe hesabu mbele ya mkutano wote. Hapo wanachama wataamua kwa macho yao. Wakiamua kubaki na daftari, hiyo pia ni jibu zuri: daftari linaloandikwa kila siku linalinda pesa ya ushirika kuliko telefoni inayolala.