Kolwezi: Wageni wa futari wako mezani, mama bado yuko kwenye mbabula

Ni jioni ya Ramadan katika komine ya Manika, hapa Kolwezi. Wageni wamekwisha kukaa, tende ziko kwenye sahani, mtoto ametumwa mlangoni asikilize adhana. Mwenye kupika, ambaye naye amefunga tangu alfajiri kama wengine, yuko nyuma ya nyumba ameinamia mbabula, anasonga bukari. Adhana ikilia atakunywa maji akiwa amesimama, mwiko mkononi. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo mara nyingi nikiwa mgeni, nikala vizuri, nikashukuru, nikarudi nyumbani. Ilinichukua miaka kuuliza kwa nini kiti kimoja kinabaki wazi kila mara.

Jibu liko ndani ya sufuria. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanasema bugali. Huku Katanga ni bukari, ya unga wa mahindi, na wengine wanachanganya na wa muhogo. Mtu wa Kolwezi anaweza kula sahani mbili za wali na nyama, halafu akasema hajala. Lakini bukari haingoji mtu. Ikikaa nusu saa inashika ukoko juu, inapoa, na kumpa mgeni bukari baridi ni aibu ya nyumba nzima. Ndiyo maana inasongwa dakika za mwisho, yaani dakika zile zile ambazo mfungaji anatakiwa kuwa ameketi na tende yake.

Wali hauna shida hiyo. Uislamu uliingia mashariki mwa Kongo pamoja na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliotoka pwani katika karne ya 19, wakajenga vituo vyao Nyangwe na Kasongo, na kilimo cha mpunga kikashika mizizi Maniema. Familia zenye asili ya huko zilipofika kwenye miji ya shaba zilikuja na pilau yao. Wali unaweza kuiva saa 10 za jioni, ukafunikwa vizuri, na saa 1 bado una moto. Kwa hiyo meza ya futari ya Kolwezi ina wakubwa wawili, na mama mwenye wageni kumi na wawili mara nyingi anapika vyote viwili ili asimkosee mtu. Hapo ndipo anapojichosha na kumaliza pesa kwa pamoja.

Namna inayofaa zaidi, na baadhi ya nyumba zimekwisha kuizoea, ni kukata jioni vipande viwili. Adhana ikilia kuna vitu ambavyo havihitaji mtu jikoni: tende, maji, uji wa mahindi au wa mchele uliotiwa maziwa, vitumbula vilivyokaangwa alasiri, matunda. Kila mtu anakaa, mpishi pia. Watu wanakwenda kuswali Magharibi. Chakula kizito kinakuja baada ya swala, na bukari inasongwa wakati huo, na mtu aliyekwisha kunywa maji na kupata nguvu. Si lazima awe mama. Kijana anayeshika chepeo siku nzima hawezi kushindwa na mwiko.

Kwa watu kumi na wawili, kilo mbili na nusu za unga zinatosha kwa bukari, na kama ni wali peke yake, kilo mbili za mchele. Chagua kimoja. Mgeni akitoka Kindu au Afrika Magharibi, mpe wali. Wakiwa majirani wa Kolwezi, bukari. Kupika vyote viwili ni heshima ambayo hakuna aliyeiomba.

Kazi kubwa ifanyike siku ya kuamkia wageni. Sombe inatwangwa na kuchemshwa vya kutosha, ule uchungu wa majani uondoke, halafu inatiwa karanga au mawese. Ikilala usiku mmoja, kesho yake inakuwa tamu zaidi. Maharagi yanalowekwa usiku. Tangawizi inasagwa asubuhi, inachujwa, inatiwa sukari na ndimu. Kuhusu kinywaji, munkoyo ni jambo la kuangalia. Ukiwa mpya wa siku moja, kinywaji hiki cha mahindi na mizizi ni kitamu na hakilewi, lakini kadiri siku zinavyopita kinachacha na kinakuwa pombe. Kwenye meza ya futari, ambapo huwezi kujua jirani ameutengeneza lini, tangawizi inaondoa maneno.

Nyama nayo ina masharti yake. Waislamu ni wachache katika mji huu, na nyama nyingi ya soko haina wa kuthibitisha imechinjwa vipi. Wengi wananunua kuku mzima mwenye uhai na kumchinja wenyewe, au wanamwomba mtu wa msikitini. Kuku wa friji anayetoka ng’ambo, soma karatasi yake kabla ya kulipa. Wengine wana alama ya halali, wengine hawana. Kuku watatu wanatosha watu kumi na wawili wakikatwa vipande na kupikwa na mchuzi wa nyanya. Mbuzi wa michopo ni mzuri, lakini anahitaji mtu asimame kwenye moto, na tunarudi kwenye shida ile ile.

Kuna jambo ambalo wenyeji wengi wanalisahau. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 mwezi wa tatu, siku chache tu baada ya Ramadan kuanza, na mwaka 2026 Kwaresima na Ramadan vimeanza karibu kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba jirani Mkatoliki unayemwalika siku ya Ijumaa huenda hali nyama. Atakuja, atakaa, atakula bukari na sombe kwa adabu, na kuku wako atabaki. Wageni wa Ijumaa wapikie samaki: wale wa ziwa Nzilo ukiwapata, au thomson wa friji, au kapenta wa kukaanga na vitunguu. Ni rahisi kuliko kuku, na kila aliye mezani anaweza kunyoosha mkono.

Sasa saa yenyewe. Kalenda za Ramadan zinazozunguka kwenye simu zetu mara nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Lubumbashi, Goma au Kinshasa. Kolwezi iko magharibi ya Lubumbashi kwa nyuzi mbili hivi, na jua linachukua dakika nne kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo jua linazama hapa dakika 8 baada ya kuzama Lubumbashi, ingawa saa zetu za ukutani zinasoma sawa. Anayefuata saa ya Goma anakosea kwa zaidi ya robo saa. Mwenye nyumba akiwafungulisha wageni kumi na wawili kwa kalenda ya mji mwingine, amewaharibia saumu wote kwa mara moja. Mwaka huu jua la Kolwezi linazama kama saa 12 na dakika 44 mwanzoni mwa mfungo, na linarudi polepole hadi karibu saa 12 na nusu mwishoni. Msikiti wa karibu unajua. Simu ya shemeji aliye Lubumbashi haijui.

Bei ni habari nyingine, na hapa mama hana mamlaka. Unga mwingi unaoliwa kwenye miji ya shaba unatoka Zambia au unapitia huko, unaingia Kasumbalesa na kupanda kwa malori hadi Kolwezi, kilomita zaidi ya mia tatu kupita Lubumbashi. Tarehe 29 mwezi wa pili 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Ramadan ilianza wiki mbili baadaye. Mwezi wa nane mwaka huo huo Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya mzozo wa biashara. Aliyenunua meka zake za unga mapema alilala vizuri. Aliyengoja wiki ya wageni alikutana na bei mpya. Unga, mchele, sukari na mafuta ni vya kununua kabla ya mwezi kuandama, kidogo kidogo kama mshahara unavyoruhusu. Nyanya na lengalenga zingoje siku yenyewe.

Makala pia. Ramadan za miaka hii zinaangukia wakati wa mvua, na gunia lililolowa linatoa moshi kuliko moto. Mji huu unakaa karibu na mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, lakini umeme wa nyumbani unakatika bila kuaga, kwa hiyo asiyetaka kukaangia vitumbula gizani aweke gunia kavu ndani ya nyumba, hata kama ana jiko la umeme.

Kisha kuna mgeni wa zamu. Katika nyumba nyingi za Kolwezi kuna kaka, mume au mpangaji anayetoka mgodini jioni, na basi linamshusha wakati wengine wamekwisha kuswali. Huyo amefungua saumu njiani kwa maji ya chupa. Mtengee sahani kabla wageni hawajaanza kula, si baada, maana baada hubaki mifupa. Mchuzi na sombe vitapashwa moto. Bukari yake isongwe upya akishuka, ngumi mbili tu. Ni kazi ya dakika kumi, na safari hii mwiko unaweza kushikwa na yeyote aliyekuwa mezani adhana ilipolia.