Nyumba Zetu Zimekuwa Ghali kwa Nini?

Akina mama wapendwa, tunapowazuru wagonjwa wa kanisa hapa Dar es Salaam, mara nyingi twakuta familia nzima katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Mtoto mmoja akikohoa, wiki haiishi kabla wote hawajakohoa. Tukiuliza, "Mama, mbona hamhami?" jibu ni kodi.

Sababu ya kwanza ni uhaba wa viwanja vilivyopimwa. Miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, nao wananchi wakajenga wenyewe. Lakini watu waliongezeka upesi kuliko upimaji, na mradi mkubwa wa viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002 tu. Kitu kikiwa adimu, bei hupanda.

Sababu ya pili ni masharti ya ujenzi. Mengine yanaokoa maisha: madirisha ya kutosha, choo kuwa mbali na kisima, njia ya gari la zimamoto. Hata Waisraeli waliagizwa kujenga ukingo juu ya nyumba ili mtu asianguke (Kumb. 22:8). Hayo tuyashike. Lakini sharti la kiwanja kikubwa kupita kiasi halimponyi mtu kikohozi. Humwongezea gharama tu. Akishindwa kulipa, haachi kujenga. Hujenga bondeni bila kibali, mahali ambapo hakuna anayekagua dirisha wala choo. Hivyo sheria iliyokusudiwa kumlinda inamwacha nje. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yalituonyesha mwisho wake.

Basi tufanye nini? Kabla ya kutoa fedha, twende na waume zetu ofisi ya ardhi ya manispaa tukaulize kama eneo limepimwa. Kiwanja kidogo kilichopimwa ni bora kuliko kikubwa cha bondeni. Tuombe majina yetu sote wawili yaandikwe kwenye hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu. Tena katika mikutano ya mtaa tusinyamaze: tuombe viwanja vidogo vilivyopimwa viongezwe, na masharti ya afya yabaki.

Haba na haba hujaza kibaba. Bwana azijalie familia zetu makao yenye hewa safi.