Matone Mawili ya Buhigwe

Sogeeni, wanangu. Leo tunasoma ramani, na tutaisoma kwa kufuata maji.

"Mjomba, kwa nini tufuate maji? Kwa nini tusifuate barabara?"

Swali zuri! Kwa sababu ramani ina mistari mingi, na mingine watu wameichora juzijuzi tu. Tafuta ramani iliyochapwa kabla ya mwaka 2012. Kasulu utaiona. Kibondo utaiona. Wilaya ya Buhigwe huioni ng'o, maana wakati ule ilikuwa bado ndani ya Kasulu. Mwaka huo ndipo Buhigwe, Kakonko na Uvinza zilipozaliwa, na ramani ya Mkoa wa Kigoma ikachorwa upya. Lakini mistari ya buluu, ile ya mito, ilibaki palepale. Basi fuata maji.

Siku moja mvua ilinyesha juu ya milima ya Buha. Katika wingu moja walikuwamo pacha wawili, matone ya maji, Kulwa na Doto. Kulwa akaangukia mlima huu. Doto akaangukia mlima ule.

"Si watakutana tu huko chini, Mjomba?"

Ngoja kwanza. Tazama paa la nyumba yenu. Juu lina mgongo. Tone likidondokea upande huu wa mgongo, linateremkia uani. Likidondokea upande ule, linateremkia barabarani. Nafasi kati yao ni kidole kimoja tu, lakini njia zimeshaachana. Milima yetu nayo ina migongo ya namna hiyo. Kwenye ramani utaitambua kwa mistari ya kahawia iitwayo kontua. Kila mstari unapita mahali penye kimo kilekile kutoka usawa wa bahari. Mistari ikibanana, mlima ni mkali, utapanda ukihema. Ikiachana, ni tambarare, na mwenye baiskeli ya ndizi anapanda na kuendesha badala ya kusukuma.

Kulwa aliangukia upande wa mto Luiche. Safari yake ilikuwa fupi. Akateremka, akaiacha kahawa na migomba ya juu, akafika chini kwenye michikichi, akaingia Ziwa Tanganyika karibu na Ujiji.

"Nimefika!" akasema. "Doto yuko wapi?"

Doto hayupo.

Doto aliangukia upande wa mto Malagarasi. Mto huu unaanzia kwenye milima ya mpaka wa Tanzania na Burundi, na ziwa haliko mbali na hapo. Doto akafurahi. "Ziwa liko magharibi, hapo tu. Nitafika leo."

Mto ukacheka. "Magharibi hatuendi, mwanangu. Mbele yetu pamesimama milima. Twende kaskazini mashariki."

Basi wakaenda. Mkono wa kushoto Burundi, mkono wa kulia Tanzania, na mto wenyewe ndio mpaka. Kisha mto ukauacha mpaka, ukapinda kusini, ukaikata barabara ya Kasulu na Kibondo. Ukaingia kwenye mabwawa makubwa ya mafunjo, pale unapokutana na Muyovozi. Hapo maji hayana haraka. Ardhi oevu hiyo ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye thamani kubwa, mwaka 2000.

"Tumefika?" Doto akauliza.

"Bado."

Wakaupokea mto Ugalla. Wakageuka magharibi. Wakapita Uvinza kwenye chumvi. Wakaruka maporomoko ya Igamba. "Tumefika?" "Bado kidogo." Wakapita Ilagala. Ndipo ziwa likafunguka mbele yao, na Kulwa yumo, anangoja.

"Mjomba, huo mto haukujua njia fupi?"

Nakupenda kwa swali hilo! Mto Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa. Ulikuwa ukitiririka kabla ardhi haijapasuka na kudidimia, likatokea bonde la Ziwa Tanganyika. Wataalamu wanaamini zamani hizo ulikwenda moja kwa moja hadi mto Kongo. Shahidi wao ni samaki: wako samaki wa Malagarasi wenye ndugu zao katika mto Kongo, na katikati, ndani ya ziwa, hawapo.

Sasa chukua uzi. Ulaze juu ya Malagarasi kwenye ramani, kona kwa kona, usiuvute. Kisha unyooshe kwenye rula. Ikiwa sentimita moja ya ramani yako ni kilomita 10 za ardhi, uzi wako utakaribia nusu mita, kwa kuwa mto una urefu wa kilomita 475 hivi. Na usidhani ramani lazima iwe karatasi. Katika Bahari ya Pasifiki, mabaharia wa Visiwa vya Marshall walifunga vijiti vya mnazi kuonyesha jinsi mawimbi yanavyopinda, wakatia kauri mahali pa visiwa. Waliisoma ramani hiyo wakiwa nchi kavu mpaka ikaingia kichwani, kisha wakaiacha nyumbani na kutweka. Nao walifuata maji.

"Na Kulwa na Doto wakabaki ziwani milele?"

Maji mengi ya ziwa hupaa na kuwa mvuke. Lakini mlango upo. Mwaka 1871 wasafiri Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda ncha ya kaskazini, kuuliza kama wewe: mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Wakakuta unaingia. Mlango wa kutokea uko ng'ambo, pale Kalemie, nchini Kongo. Ni mto Lukuga. Anayepita hapo anaingia mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Mvua ya Buhigwe, wanangu, inaelekea Atlantiki!

"Na mvua ya wenzetu wa Burundi?"

Mwombeni mwalimu ramani, mtafute Rutovu, kaskazini mwetu. Pana chemchemi ndogo, na juu ya kilima chake piramidi ya mawe. Wekeni kidole hapo. Fuateni maji hadi mto Kagera, hadi Ziwa Viktoria, hadi Nile. Kisha njooni mniambie kidole kimeishia bahari gani.