Mahindi hayakwami Namanga kwa sababu ya ushuru

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua fupi: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie tena, yamekutwa na sumukuvu. Malori yakaanza kupanga foleni Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Haikupita wiki Nairobi ikalegeza msimamo, ila kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti cha uasili, na iwe na cheti kingine kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kwenye karatasi marufuku ilikuwa imekwisha. Barabarani mambo yalikuwa mengine. Rais Samia Suluhu Hassan alipofika Nairobi mwezi Mei, mwenyeji wake Uhuru Kenyatta bado alikuwa akiwaagiza mawaziri wake walimalize suala la mahindi yaliyokwama mpakani.

Katika sakata lote hilo hakuna aliyetaja ushuru wa forodha, kwa sababu haupo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005, na tangu 2010 bidhaa yenye asili ya nchi mwanachama huvuka bila kutozwa. Mahindi yatokayo nje ya jumuiya, kwenye nchi isiyo na mkataba mwingine wa biashara huria na mnunuzi, hutozwa asilimia 50. Kwa hiyo mkulima wa Rukwa, Tanzania, ana kinga ambayo mkulima wa nchi kama hiyo hana. Kinachomkwamisha mfanyabiashara wake ni kibali, cheti, kipimo, na afisa aliyepewa barua asubuhi.

Biashara yenyewe ina mantiki nzuri kuliko wanavyoiona wanasiasa wengi. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, Kenya, hupandwa Machi na Aprili, huvunwa kuanzia Oktoba. Ya Ruvuma, Rukwa, Mbeya na Njombe hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, na huwa tayari kuanzia Mei. Maghala ya Kenya yanapobaki vumbi, huku kwetu Tanzania turubai zimetandazwa uwanjani na mahindi yanaanikwa. Kalenda mbili za mvua ndizo zinazoendesha malori hayo. Mikataba ilikuja baadaye kuyafuata. Ndiyo maana hata mwaka wa marufuku, takwimu za Kenya zilionyesha manunuzi yake yote kutoka Tanzania yakipanda kutoka takriban shilingi za Kenya bilioni 28 mwaka 2020 hadi bilioni 54, yakapita hata mauzo ya Kenya kwetu. (Anayelinganisha bei akumbuke kwamba gunia la magazeti ya Nairobi ni la kilo 90 na la kwetu ni la 100. Nimesikia hesabu nyingi za faida zikiharibikia hapo.)

Hata hivyo, sumukuvu si kisingizio kilichobuniwa ofisini. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mahindi waliyokula kwa sehemu kubwa hayakutoka nje: waliyalima wenyewe, wakayahifadhi yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sababu ile ile. Kuvu anayetoa sumu hiyo huanza shambani, mahindi yanapopigwa na ukame au kutobolewa na wadudu, kisha hushamiri ghalani penye unyevu. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mnunuzi mwenye haraka, na mkulima anayetaka ada ya shule, hawangoji kufika huko.

Tatizo ni mahali pa kupimia. Lori la semitrela hubeba magunia kama 300. Mkaguzi hudunga bambo kwenye magunia machache, akachota punje, akazipeleka maabara. Sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Hukaa kwenye punje chache zilizooza, na punje hizo zinaweza kuwa zote zimo katika gunia moja katikati ya mzigo. Bambo likiikosa, shehena ni safi. Likiipata, shehena nzima ni sumu. Lori lile lile likipimwa Arusha na kupimwa tena upande wa pili linaweza kutoa majibu mawili tofauti, na maabara zote mbili zikawa zimefanya kazi kwa uaminifu. Pale mpakani kutofautiana huko huitwa udanganyifu, wakati mzigo umeshasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Songea na dereva anahesabu siku.

Nisingependa msomaji wa Tanzania afikiri wakosaji wako ng'ambo tu. Mwaka 2011 sisi wenyewe tulizuia mahindi yasitoke, na 2017 tukazuia tena, kwa hoja ya usalama wa chakula. Hesabu ya hoja hiyo ni rahisi: bei ya shambani inashuka, dalali mwenye njia za panya ananunua kwa bei ya kutupa, na mkulima msimu unaofuata anapunguza ekari. Mwaka huo huo wa 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto kwa hofu ya mafua ya ndege. Sheria ya mifugo ilikuwepo, sikatai. Lakini jirani aliyeona picha zile hakusahau, na barua ya Machi 2021 haikuandikwa na watu wasio na kumbukumbu.

Dawa ninayoiona mimi ni kuhamisha kipimo. Mahindi yanakusanyika kwenye masoko machache makubwa kabla ya kupanda lori la kaskazini. Kibaigwa, wilayani Kongwa, ni moja. Pale mzigo bado uko katika magunia yaliyopangwa chini, unaweza kuchukua sampuli kila rundo, ukatenga rundo bovu na kuacha mengine yaende. Mkulima aliyeleta mahindi mabichi anajulikana kwa jina na anarudishiwa akayaanike. Namanga huwezi kufanya lolote kati ya hayo: ama unapitisha lori, ama unalirudisha, na mahindi yaliyorudishwa huweza kuuzwa kwenye mashine ya kusaga ya mji wa karibu badala ya kutupwa. Sheria ya viwango ya jumuiya ya mwaka 2006 tayari inazitaka nchi wanachama kutambuana katika mambo ya ubora. Kilichobaki ni mashine za kupimia, wataalamu wa kuziendesha, na makubaliano ya nani alipe: halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao sokoni, au mnunuzi. Ningeanza na halmashauri, maana fedha inayochukua kwa kila gunia linalotoka, mkulima haoni inarudi kwa sura gani.